Vita vya uwakala

Mataifa makubwa yanapogombana bila kukutana uwanjani, kila moja likatoa silaha, fedha na washauri huku damu ikimwagika katika nchi ya mwingine, Kiswahili husema "vita vya uwakala". Wakala hufanya kazi kwa idhini ya mwenye mali. Wakala wa M-Pesa hupitisha pesa za watu mkononi mwake, naye hupata kamisheni. Ndani ya neno hili basi mna mtumaji, agizo na ujira.

Tuipime istilahi hiyo huko Tshopo, mkoa wa Kongo. Mji wake mkuu ni Kisangani, ulioitwa Stanleyville mwaka 1964. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo waasi wa Simba waliuteka, na tarehe 5 Septemba kiongozi wao Christophe Gbenye akatangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo. Washington ikasikia ukomunisti katika jina hilo.

Kwa upande wa serikali ya Moïse Tshombe, istilahi inakaa sawasawa. Ndege za T-28 zilirushwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, ambao CIA iliwaajiri. Mamluki wa Mike Hoare walipigana kwa mkataba na mshahara. Tarehe 24 Novemba Wabelgiji wenyewe walishuka Stanleyville kwa miavuli kutoka ndege za Marekani, wakisema wanakuja kuokoa mateka wa kigeni. Hapo hata uwakala uliwekwa kando.

Simba je? Wengi waliingia vitani na mikuki, wakiwa wamenyunyiziwa maji ya dawa na wakipaza sauti "Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele, mmoja wa viongozi wa uasi. Bunduki nyingi walizokuwa nazo ziliachwa na askari wa serikali waliokimbia. Hasira yao ilikuwa ya nyumbani: Patrice Lumumba, aliyewahi kufanya kazi posta mjini humo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na uhuru haukuwaletea walichoahidiwa. Je, Che Guevara ndiye aliyewatuma? Alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965. Yeye na wenzake wawili wa mbele walijipa majina ya tarakimu za Kiswahili, Moja, Mbili na Tatu. Tatu ndiye Che. Lakini Stanleyville ilikuwa imeanguka miezi mitano kabla, na kambi yake ilikuwa ziwani, mbali sana na Tshopo. Anayefika kwa kuchelewa hivyo hawezi kuitwa mtumaji.

Neno wakala lina hatari nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi: linamfutia mtu lawama. Mbele ya mnara wa Lumumba mjini Stanleyville, Simba waliwaua hadharani Wakongo wenzao, wakiwemo wanasiasa na watumishi wa serikali. Waliotoa amri hizo walikuwa mjini humohumo. Tukiwaita mawakala wa Moscow au Beijing, tunawanyima madai yao ya haki, na papo hapo tunawaondolea dhambi yao.

Kwa hiyo ningependa kitabu cha shule kimwite rubani wa T-28 wakala bila kusita. Kwa Simba kiandike "waasi waliofadhiliwa", na pembeni kiweke mwaka ambao kila ufadhili ulifika.