Cheti Kabla ya Kizimba: Historia ya Mafunzo ya Watunza Wanyama wa Utafiti

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuifikirii, ingawa dawa nyingi tunazomeza na chanjo wanazopewa watoto wetu zimepitia humo. Ni kazi ya kuwatunza na kuwashika wanyama wa maabara: panya, sungura, tumbili na wengineo.

Siku moja kijana mmoja alifika katika zahanati ninapofanya kazi. Kidole chake cha gumba kilikuwa kimevimba na kutunga usaha. Aliniambia ameumwa na panya siku tatu zilizopita. Nilipomwuliza ni panya wa wapi, akasema ni wa maabara, mahali alipopata kibarua cha kuosha vizimba. "Lakini sista, hawa si wale panya wa choo," akanieleza. "Hawa ni weupe, ni wasafi." Nikamwuliza alifundishwa kwa siku ngapi jinsi ya kuwashika. Akacheka. Alikuwa amepewa ufagio, ndoo na funguo, basi. Hata glavu hakupewa. Na alipoumwa hakumwambia mtu yeyote, kwa kuogopa kufutwa kazi.

Tulimtibu, tukamdunga chanjo ya pepopunda, akapona. Lakini nilibaki na swali ambalo leo nataka tulijibu pamoja: Ni nani aliyeamua kwamba anayewagusa wanyama hawa lazima afundishwe na apewe cheti? Na kwa nini?

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Historia ya sheria hizi, msikilizaji, mara nyingi ilikwenda kinyume. Hatari ilitangulia, tahadhari ikafuata.

Tuanze Uingereza. Dawa ya usingizi ya kupasulia wagonjwa ilianza kujulikana sana mwaka 1846. Hata hivyo, miaka mingi baadaye bado kulikuwa na wataalamu waliowapasua wanyama wakiwa macho, wakati mwingine mbele ya wanafunzi. Watu wakalalamika. Mwaka 1875 serikali iliunda tume ya kuchunguza jambo hilo, na mwaka 1876 bunge likapitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza duniani ya kusimamia majaribio ya kisayansi juu ya wanyama. Ilimtaka mtafiti awe na leseni ya serikali. Kama alitaka kufanya jaribio bila dawa ya usingizi, ilimbidi apate cheti maalumu zaidi ya leseni hiyo.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na pengo. Ilimwangalia mtafiti mwenye kisu, ikamsahau yule anayelisha, anayeosha na anayeshika. Tena leseni ilitegemea wakubwa wa taaluma kuweka sahihi kwamba mtu huyo anafaa. Haikutegemea mafunzo maalumu wala mtihani.

Mwaka 1959 wataalamu wawili Waingereza, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu kilichobadilisha mawazo ya wengi. Walisema mtafiti ajiulize mambo matatu. Je, naweza kutumia njia nyingine badala ya mnyama? Kama siwezi, naweza kupunguza idadi ya wanyama? Na wale nitakaowatumia, nitawapunguziaje maumivu? Hadi leo mambo hayo matatu ndiyo msingi wa mafunzo ya kazi hii karibu kila mahali.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1965 mbwa aliyeitwa Pepper alipotea kwao Pennsylvania. Wenyewe walimtafuta sana, kumbe alikuwa ameuzwa kwa wafanyabiashara wa wanyama, akafikishwa New York na kufia katika majaribio. Wananchi walikasirika, na mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya kuwalinda wanyama wa maabara. Hata hivyo, ilichukua hadi mwaka 1985 kwa sheria hiyo kuongezewa sharti kwamba kila taasisi iwafundishe wafanyakazi wanaoshughulika na wanyama. Pia kila taasisi ilitakiwa kuwa na kamati ya kukagua majaribio, na ndani yake awemo daktari wa mifugo na mtu wa nje asiyefungamana na taasisi hiyo.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mnyama. Sasa tumtazame mfanyakazi, na hapa habari inatukaribia sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1967 tumbili kutoka Uganda walisafirishwa hadi Ulaya. Figo zao zilitumiwa kukuzia chembe za kutengenezea chanjo ya polio. Mwezi wa Agosti wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, iliyokuwa Yugoslavia, walianza kuugua. Walikuwa na homa kali, kutapika, kuhara na kutokwa na damu. Wa kwanza kuugua walikuwa wale waliogusa damu na viungo vya tumbili hao. Kisha baadhi ya waliowahudumia wagonjwa nao wakaambukizwa. Jumla yao walikuwa 31, na 7 walifariki. Ugonjwa huo haukuwa umejulikana kabla, ukapewa jina la mji wa Marburg. Nasi hapa Kenya tunaujua, kwa kuwa mwaka 1980 na mwaka 1987 watu waliokuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon waliugua na kufa.

Fikiria jambo hilo, msikilizaji. Watu wale walikuwa katika kazi ya kuokoa watoto na polio, na wengine hawakurudi nyumbani.

Kisa kingine ni cha mwaka 1997, huko Marekani. Mtafiti kijana, mwanamke wa miaka 22, alikuwa akiwashughulikia nyani wa aina ya kutoka Asia. Majimaji machafu kutoka kwa mmoja wao yakamrukia jichoni. Hakuwa amevaa miwani ya kujikinga, kwa sababu kazi ile ilionekana si ya hatari. Nyani hao hubeba kirusi kiitwacho B. Kirusi hicho huwaletea wao vidonda vidogo tu vya mdomo, lakini kikimwingia binadamu hushambulia ubongo. Baada ya wiki sita hivi, dada huyo alifariki. Tangu hapo miwani imesisitizwa hata kwa kazi inayoonekana nyepesi.

Je, sheria za siku hizi zinataka nini? Uingereza ilibadilisha ile sheria yake ya zamani mwaka 1986. Sheria mpya iliweka vibali vitatu: cha mtu, cha mradi na cha mahali. Katika miaka ya 1990 wanaoomba kibali cha mtu wakaanza kutakiwa kupitia kozi rasmi kwanza. Umoja wa Ulaya nao ulitoa mwongozo mwaka 2010 unaogusa makundi manne: wanaopanga majaribio, wanaoyafanya, wanaowatunza wanyama na wanaowaua wanyama bila mateso. Wote hao wanapaswa kufundishwa, na kusimamiwa kazini hadi waonyeshe kwamba wanaweza. Kwa hiyo siku hizi hata anayelisha na kuosha vizimba ametajwa katika sheria.

Na hapa kwetu? Kenya imefanya utafiti wa namna hii kwa muda mrefu. Kituo cha utafiti wa nyani kilianzishwa na Louis Leakey huko Tigoni mwaka 1960, na leo taasisi hiyo iko Karen, Nairobi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio juu ya mnyama awe na leseni. Sheria ya mwaka 2011 inasimamia usajili wa madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na ile ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti apate leseni ya utafiti. Taasisi kubwa zina kamati za kukagua matumizi ya wanyama. Karatasi tunazo, msikilizaji. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba zinamfikia yule kijana mwenye ndoo na ufagio.

Katika mafunzo mtu hufundishwa nini? Hufundishwa kumshika mnyama bila kumtisha. Hufundishwa kutambua maumivu: panya akijikunyata, manyoya yakisimama, akiacha kula, huyo anaumwa. Hufundishwa kutumia dawa ya usingizi, kuweka kumbukumbu, na kujikinga na magonjwa. Hufundishwa pia juu ya mzio. Mkojo na manyoya ya panya vinaweza kumletea mfanyakazi chafya na macho kuwasha, na baadaye pumu. Wengi hudhani ni mafua tu.

Faida ya mafunzo hayo inakufikia hata wewe ambaye hujawahi kuona maabara. Mnyama aliyeogopeshwa au anayeumwa, mwili wake hubadilika: moyo huenda mbio, damu hubadilika, na majibu ya dawa hupotoka. Majibu yakipotoka, anayeumia mwishoni ni mgonjwa. Kwa hiyo cheti kile kinawalinda watu na viumbe watatu: mnyama, mfanyakazi, na wewe utakayekunywa dawa.

Basi wewe mzazi, au wewe kijana uliyepata kazi kama hiyo, uliza haya kabla ya kupokea funguo:

1. Nitafundishwa na nani, kwa muda gani, na nitasimamiwa na nani?
2. Wanyama hawa wanaweza kuniambukiza magonjwa gani, na nitapewa chanjo zipi?
3. Glavu, miwani, barakoa na koti viko wapi?
4. Nikiumwa au kukwaruzwa, nitamwambia nani?

Ukiumwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Majimaji yakikurukia jichoni, osha jicho kwa maji safi kwa muda huohuo. Kisha mwarifu msimamizi na uende kituo cha afya bila kungoja uvimbe. Mwambie mhudumu ni mnyama gani aliyekuuma, kwa maana tiba hutegemea hilo. Usifiche kwa kuogopa kufutwa. Kazi hutafutwa ikapatikana, uhai haurudi.

Yule kijana wangu alirudi zahanati baada ya wiki mbili kunionyesha kidole kilichopona. Nilimwuliza kama amewauliza wakubwa wake juu ya mafunzo. Akasema bado, anaogopa. Nilimwandikia maswali hayo manne kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Nawe nimekuandikia hapa. Kama unamjua mtu anayefanya kazi hiyo, mpelekee.