Mzigo wa Msafiri

Mnamo Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda New York. Safari hiyo iliandaliwa na Tom Mboya pamoja na marafiki zake Wamarekani, kwa sababu vijana wengi walikuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani ila hawakuwa na nauli. Wakati huo Makerere ndicho chuo pekee kilichotoa digrii katika Afrika Mashariki, nacho hakikuweza kuwapokea wote. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na ndege nyingine zikafuata. Wangari Maathai alikwenda mwaka huo, akarudi mwaka 1966 na shahada mbili.

Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kwa kuhesabu ndege na shahada. Mimi huikumbuka kwa mtamba mmoja.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi kijana wa jirani yetu, huko Maragoli, alipopata nafasi ya kwenda. Fundi alimshonea suti. Akina mama walileta kuku na mayai, na baba yangu akamuuza mtamba wetu wa pekee. Siku ya kuagana wazee walimwuliza swali moja tu: atarudi lini? Akajibu kwamba baada ya miaka minne atarudi kutufungulia shule.

Aliandika kwa muda wa miaka sita, kisha barua zikakatika. Mama yake hakujua kusoma. Kila nilipofunga shule aliniita, akatoa zile barua kutoka chini ya godoro, nami nikamsomea zile zile kama kwamba zimefika jana. Alifariki mwaka 1971 akiwa bado anangoja.

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, nilipewa ufadhili wa kusoma Uingereza kwa mwaka mmoja. Nilitafuta pasipoti, nikachanjwa homa ya manjano, nikanunua koti zito la mtumba, nikapanga mshahara wangu umfikie mke wangu kila mwezi. Nikadhani nimemaliza. Nilipokwenda kumuaga baba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, yule mtamba sikumsikitikia. Nilisikitika kukusikia ukisoma barua zile zile. Ukifaulu, andika. Ukishindwa, andika. Ukiona hutarudi, andika hivyo hivyo, tujue."

Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa nimefikiria baridi, sikufikiria aibu. Labda yule kijana alifeli mitihani. Labda aliosha vyombo usiku ili alipe karo, akaona haya kutueleza. Sisi wenyewe tulimfungia mzigo wa shule nzima mgongoni, hatukumpa ruhusa ya kushindwa. Kwa hiyo simlaumu peke yake.

Niliandika kila mwezi. Mwezi wa tatu niliungama kwamba karatasi yangu ya kwanza ilikuwa imekataliwa. Baba alijibu kwa mkono wa mdogo wangu: "Tumepata. Endelea."

Siku hizi simu imechukua nafasi ya barua. Hata hivyo, vijana wanaokuja kuniaga huwauliza habari ya koti mwisho. Kwanza nawauliza: mambo yakiharibika, utamwambia nani wa nyumbani?