Moyo wa kima umebaki kwa mti gani?

Jumamosi hapa Nsambya tuliwasomea watoto hadithi ya kima na papa. Papa anambeba kima baharini, halafu anamwambia sultani wao mgonjwa, dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu: moyo nimeuacha juu ya mti, turudi. Mtoto wa Uvira akakataa: "Koko alitwambiaka ni mamba!" Wenzake wakacheka, eti Wakongo wanaharibu hadithi. Akanyamaza kabisa.

Basi tukaleta historia. Hiyo ya papa ilisimuliwa Unguja, Edward Steere akaichapisha mwaka 1870. Lakini Wahindi walikuwa nayo zamani sana katika Panchatantra, na kwao ni mamba! Mti wao unaitwa jambu, ndugu ya hizi jambula tunazokula hapa Kampala. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na humo ni kobe. Nani angesema Unguja wameharibu?

Sasa kila mtoto tunamuuliza: kwenu majini kuna nani? Wa Uvira amechora mamba wa Tanganyika, meno mengi kupita kiasi. Wa Sudan Kusini anabishana bado, anataka kiboko.