Karata za Makadirio: Historia Fupi

Mwaka jana kikundi chetu kilipewa kazi ya kutengeneza programu ya maktaba. Kiongozi wetu alisema, "Wiki mbili zinatosha." Niliona hazitoshi, lakini nilinyamaza. Tulimaliza baada ya wiki sita.

Tatizo hili lina historia. Katika miaka ya 1950, watafiti wa shirika la RAND nchini Marekani walibuni mbinu ya Delphi: kila mtaalamu aliandika makadirio yake bila kujulikana, ili sauti ya mkubwa isiwafunge wengine. Miaka ya 1970, Barry Boehm na John Farquhar waliihamishia kwenye kazi ya programu, wakaongeza majadiliano. Mwaka 2002 James Grenning alibuni karata kwa ajili ya timu za ajaili, zinazofanya kazi kwa awamu fupi fupi. Kila mmoja huchagua namba kwa siri, kisha wote hufunua pamoja. Namba zikipishana sana, wenyewe hueleza sababu.

Kwa hiyo anayefundisha makadirio aanze na swali hili: nani husema kwanza? Karata yangu ingefunuliwa pamoja na ya kiongozi, tungebishana siku ya kwanza.