ADHUHURI YA DODOMA HAIKAI DAKIKA MOJA



Ndugu zangu, kila Ramadhani huku Dodoma hakosekani anayefuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Jua letu bado lipo! Sisi tuko magharibi ya Dar kwa nyuzi 3 na nusu hivi, na dunia hugeuka nyuzi 1 kwa dakika 4. Basi magharibi yetu huchelewa kama dakika 14.

Hilo wengi mnalijua. Swali gumu aliniuliza mzee mmoja msikitini: "Sheikh, mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka saa 6:21 mchana, katikati ya Februari saa 6:51. Nusu saa nzima! Jua linachoka?"

Nikamwambia, mzee wangu, swali hilo ni la zamani. Wanafalaki tangu Wayunani waliona kuwa mwendo wa jua hauko sawa mwaka mzima. Lakini waliamini vya mbinguni lazima vizunguke kwa duara, kwa mwendo usiobadilika. Karne ya 14, Ibn al-Shatir, muwaqqit, yaani mtunza nyakati za swala wa Msikiti wa Bani Umayya kule Damascus, alipanga duara juu ya duara, kila moja na mwendo wake mmoja, ili hesabu ilingane na yanayoonekana angani. Mwaka 1371 akautengenezea msikiti huo saa ya jua.

Mwaka 1609 Mjerumani Johannes Kepler akaonyesha kuwa njia ya sayari ni duara iliyobonyea kidogo, na sayari huenda mbio ikiwa karibu na jua, polepole ikiwa mbali. Dunia yetu mwanzoni mwa Januari iko kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, ikienda kilomita 30.3 kwa sekunde. Mwanzoni mwa Julai iko milioni 152, ikienda 29.3. Mwendo huo usio sawa, pamoja na kuinama kwa dunia, ndio unaoisogeza adhuhuri. Saa ya ukutani haijui hayo.

Kwa hiyo tusigombane na muadhini. Shika ratiba ya Dodoma, tena ya siku hiyo hiyo. Ukiwa na shaka, simika kijiti uwanjani: kivuli kikiisha kupungua na kuanza kurefuka, adhuhuri imeingia. Na kwenye futari, dakika 14 ni swaumu yako nzima.

Wallahu a'lam.