Baridi ya Ofisini Ilipimwa kwa Mwili wa Nani?

Ukiingia ofisi nyingi za katikati ya jiji la Dar es Salaam mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali, utaona kioja. Nje watu wanajipepea kwa magazeti. Ndani, katibu muhtasi amevaa sweta na juu yake amejitanda khanga. Bosi wake, mwenye koti na tai, anaona mambo shwari. Leo nataka tuulizane: baridi hiyo ilitoka wapi, na ilipimwa kwa mwili wa nani?

Habari yake inaanzia kwenye karatasi. Mwaka 1902, kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kilikuwa na matatizo kila majira ya joto. Unyevu ulijaa hewani, karatasi zikavimba, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kukaa mahali pake. Mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili kuiondolea unyevu. Karatasi zikatulia. Vikafuata viwanda vya nguo, ambako nyuzi hukatika hewa ikiwa kavu mno. Hata jina la Kiingereza la kazi hiyo lilitungwa mwaka 1906 na mtu wa viwanda vya nguo, Stuart Cramer. Basi kilichohudumiwa kwanza kilikuwa bidhaa. Mfanyakazi alipata makombo.

Miaka ya 1920 majumba ya sinema ya Marekani yakaanza kuvuta wateja kwa ubaridi, na mwaka 1928 likafunguliwa jengo la Milam mjini San Antonio, Texas, ghorofa la ofisi lililopozwa toka chini hadi juu. Hapo ndipo kiyoyozi kilipoingia ofisini.

Si kwamba joto ni jambo la mchezo. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho, lakini jasho linapoza pale tu linapokauka. Hewa ikishiba unyevu, jasho hutiririka bure. Mwaka 1905 mwanasayansi wa Kiskoti, J. S. Haldane, aliyeshuka katika migodi yenye joto ya Cornwall, alitumia kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Aliona kwamba mahali pasipo na upepo, kipimajoto hicho kikipita nyuzi 31 hivi, joto la mwili huanza kupanda hata kwa mtu aliyekaa tu. Kinachofuata ni kichwa kuuma, misuli kukakamaa, kuzirai, na mwisho hata kifo. Sisi watu wa pwani, ambao hewa yetu ina unyevu mwingi, somo hilo linatuhusu sana.

Lakini kumkinga mtu na joto ni jambo moja, na kumgandisha ni jambo jingine. Mwaka 1970 Mdenmark Ole Fanger alitoa kitabu chenye kanuni ya kukokotoa joto linalomridhisha mtu, na mwaka 1984 kanuni hiyo ikawa kiwango cha kimataifa. Ilikuwa kazi ya kisayansi ya kuheshimika. Ila waliopimwa ndani ya vyumba maalumu walikuwa hasa wanafunzi wa Marekani na Denmark. Karani wa Tanga hakuwemo. Mpiga taipu wa Mombasa hakuwemo.

Na hata wanawake wa huko Ulaya walipunjwa. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walieleza kwamba hesabu ya joto linalotolewa na mwili ilitegemea mwanamume wa miaka 40 mwenye uzito wa kilo 70, na kwamba kwa wanawake hesabu hiyo inaweza kuzidi ukweli kwa asilimia hadi 35. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Yule dada mwenye khanga mabegani hadeki. Chumba kimetayarishwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Mimi mwenyewe kazi yangu ni ya studioni, chumba kisichofunguliwa dirisha kwa sababu ya kelele za nje, na kinachopozwa ili mitambo isichemke. Watangazaji tunaingia na majaketi. Nalielewa hilo, mtambo ukizimika hakuna matangazo. Lakini ofisi ya kuandikia barua inafuata sheria ya mtambo gani?

Ajabu ni kwamba elimu ya kupoza nyumba tulikuwa nayo. Tazama Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo huchelewa kupata moto, na dari ya boriti za mikoko. Tazama Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na kubomoka sehemu mwaka 2020. Ilizungukwa na baraza pana kila ghorofa, jua lisiguse ukuta wa ndani. Baadaye serikali ya kikoloni iliifanya ofisi, na makarani walifanya kazi humo kwa upepo wa bahari.

Wala haikuwa elimu ya mababu peke yao. Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, liliezekwa kwa miavuli mikubwa ya zege, hewa ikipita chini yake. Liliungua mwaka 2021, lakini fikra yake haikuungua.

Sisi tukaja kujenga maghorofa ya vioo visivyofunguka. Waliokuwa Dar es Salaam wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006 wanajua ofisi ya namna hiyo inageuka kuwa nini umeme ukikatika.

Tena kiyoyozi hakiui joto. Hulihamisha. Pita uchochoroni nyuma ya ghorofa lolote: mashine zinanguruma ukutani, zinapuliza hewa ya moto na kudondosha maji. Chini yake yupo mama lishe na jiko lake la mkaa, na fundi cherehani chini ya bati. Joto la bosi limewashukia wao, nao hawana hata pangaboi.

Japani mwaka 2005 serikali iliwaambia wafanyakazi wavue tai na makoti, viyoyozi vikae nyuzi 28. Sisi tuliwahi kuwa na suti ya Kaunda ya mikono mifupi, vazi la heshima ofisini, bila kuambiwa na mtu.

Sisemi viyoyozi vitupwe. Hospitali inavihitaji, na wako wagonjwa na wazee ambao joto linaweza kuwaua. Nasema kidude cha kurekebishia baridi kisikae mfukoni mwa mtu mmoja mwenye koti. Kabla ya kukibonyeza, waulizwe wanaokaa humo siku nzima. Na fedha zinazobaki kwenye ankara ya umeme zimnunulie fundi wa uchochoroni dari chini ya lile bati.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, wiki ijayo.