Ukaguzi wa Vyuo Vikuu (Mwanza)

Kazi ya kuhakiki maendeleo ya vyuo vikuu, ambayo kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ilikuwa, kwa vyuo vya binafsi, mikononi mwa Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu, sasa ni dhima ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ipimayo mitaala, walimu na maktaba. Hesabu ya wahitimu ni jambo sahali. Kadiri ya ilimu waliyoipata, la, hasa katika tiba. Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza Nyegezi mwaka 1998, kilipata mwaka 2003 chuo kishiriki cha sayansi za afya kilimani Bugando, ambacho baadaye kilijitegemea, nacho hukaguliwa peke yake.